Kapcha inakugomea? Kagua saa na mtandao kabla hujalaumu macho yako

Hapa steshenari kwetu Tandika, ukitaka kujua kama kuna dirisha la maombi linafungwa wiki hii, la ajira au la mkopo wa chuo, sikiliza watu wanavyoguna. Mtu kajaza fomu nzima vizuri, majina matatu, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, vyeti vimeskaniwa, halafu mwisho kabisa kinakuja kile kisanduku cha "Mimi si roboti", yaani kapcha, jaribio la kutofautisha mtu na roboti. Hapo ndipo unaitwa: "Kaka, kompyuta yako inanikataa." Juzi dada mmoja alichagua picha za mataa mara kumi na moja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake namhesabia, na zote alipatia.

Hilo la kupatia na bado ukakataliwa ndilo linalochanganya watu. Kapcha za siku hizi hazipimi macho peke yake. Zinaangalia unatokea mtandao gani, brauza yako ni ya lini, ina kumbukumbu zozote za matumizi ya nyuma, hata kipanya kimetembeaje kabla hujabofya. Google wana toleo la tangu 2018 ambalo halikuulizi swali lolote, linakupa alama kimyakimya kati ya 0 na 1, na tovuti ndiyo inaamua ikufanyie nini. Kwa hiyo ukikataliwa mara tatu mfululizo, acha kukodolea picha, anza kutafuta kwingine.

Nimepanga matatizo kwa dalili, jinsi wateja wanavyoyaleta. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea sana ndiyo inayoanza.

Kisanduku hakitokei, au kinazunguka tu bila kufunguka

Anza na mtandao. Kapcha haikai kwenye seva ya fomu yako, inaletwa kutoka kwingine, mara nyingi Google au Cloudflare. Ndiyo maana fomu inaweza kufunguka yote isipokuwa hicho kisanduku. Fungua ukurasa mwingine wowote mzito uone unakuja kwa kasi gani. Ukisuasua, angalia bando kwanza, kisha zima data, hesabu hadi thelathini, washa tena na upakie ukurasa upya.

Mtandao ukiwa mzima, tazama unatumia brauza gani. Opera Mini ni kipenzi cha watu wengi kwa kubana bando, lakini ikiwa kwenye hali ya kubana kupita kiasi, ukurasa unapikwa kwanza kwenye seva zao ndipo unaletewa wewe ukiwa umepunguzwa. Kapcha inataka kufanya kazi ndani ya simu yako yenyewe, kwa hiyo haifurukuti. Shusha kiwango cha kubana, au fungua fomu hiyo kwenye Chrome au Firefox. Megabaiti chache zitaondoka, fomu itapita.

Inafuata saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu imeniliza mwenyewe.

Kompyuta yangu ya pili, ile ya dirishani, ni ya mezani ya zamani. Umeme ukikatika usiku, asubuhi inaamka ikiwa imerudi miaka mingi nyuma. Tovuti salama inajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko muongo uliopita inakiona cheti hicho kama cha mtu ambaye hajazaliwa. Wakati mwingine inakuandikia wazi kuwa muunganisho wako si wa faragha. Wakati mwingine haikwambii kitu, kapcha haiji tu. Nilipoteza nusu siku nikibadilisha brauza na kuzima na kuwasha ruta, hadi mtoto wa darasa la sita aliyekuja kutoa kopi akaniuliza mbona tarehe yangu imekosewa.

Ukaguzi wake ni sekunde kumi: tazama pembe ya chini kulia, usome tarehe na mwaka, siyo saa peke yake. Kwenye Windows, weka saa ijipange yenyewe na uchague ukanda wa Nairobi, kwa kuwa Dar es Salaam haimo kwenye orodha yao na sote tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Saa ikirudi nyuma tena baada ya kuzima kwenye soketi, betri ya ndani imekufa. Ni ile ya bapa mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032, na bei yake haizidi sahani ya chipsi kavu.

Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuibadilisha mwenyewe: zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, bana kishikizo, toa ya zamani, weka mpya maandishi yakikutazama. Kama ni laptopu, ishia hapo na umpelekee fundi, kwani nyingine betri hiyo imeunganishwa kwa waya mwembamba chini ya vitu vingine. Pia simama kama baada ya kubadilisha kompyuta haiwaki, au saa bado inarudi nyuma. Hilo si la betri tena.

Sababu ya nne ni brauza iliyozeeka. Steshenari nyingi mjini bado zina Windows 7, na Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ilikuwa toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Kila mwezi unaopita kapcha inaiona mashine hiyo kuwa ya mashaka zaidi. Kama huwezi kubadilisha mfumo, kwa fomu hiyo moja tumia simu. Mwisho kabisa ni vizuia matangazo na programu nyingine ndogo ulizopachika kwenye brauza: vizime, pakia upya, ukimaliza virudishe. Ukiwa ofisini kwa watu na hakuna kilichosaidia, huenda mtandao wa ofisi umefunga anwani zinazoleta kapcha. Hilo ni la mtu wa mitambo wa hapo, usihangaike nalo.

Picha haziishi: ukimaliza mataa inaleta pikipiki, ukimaliza pikipiki inaleta ngazi

Ninavyoona mimi, mkosaji mkubwa hapa Dar ni anwani ya mtandao mnayochangia, ile namba inayotambulisha unakotokea. Anwani za mtindo wa zamani duniani ni kama bilioni 4.3 tu na ziligawanywa zikaisha, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na mlango mmoja wa nje. Mpangaji mmoja akikopa dukani asilipe, Mangi anawanunia wote mnaotokea mlango ule. Kuna mtu mahali fulani, kwenye anwani ileile yako, simu yake ina programu chafu inayopiga hodi kwenye tovuti usiku kucha. Wewe unalipishwa kwa kuchagua mataa.

Dawa ni kubadilisha mlango. Gusa alama ya ndege kwenye simu, subiri kama dakika moja, iondoe. Mara nyingi utapewa anwani nyingine. Isipokubali, washa hotspoti ya laini ya mtandao tofauti. Yule dada wa mataa kumi na moja alipita mara ya kwanza tu alipotumia bando la simu yake badala ya waifai yangu, jambo lililonionyesha kuwa mlango mbaya ulikuwa wangu. Nilikuja kugundua kompyuta namba tatu ilikuwa na virusi vilivyoletwa na fleshi ya mteja.

Kama unatumia VPN, ile programu inayokupitisha kwenye anwani ya mahali pengine, usitafute zaidi, umeshampata mchawi. Anwani za VPN zinachangiwa na maelfu ya watu na kapcha inazijua. Izime kwa muda wa kujaza fomu. Kumbuka pia kuwa Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza wanaotumia VPN watoe taarifa zao, tarehe ya mwisho ikiwa 30 Oktoba mwaka huo. Ukiwa unaihitaji kwa kazi, fuatilia utaratibu wao.

Kurasa za faragha, zile nyeusi zisizotunza kumbukumbu, nazo zinachangia. Brauza isiyo na historia yoyote inafanana na roboti aliyewashwa sasa hivi. Fungua ukurasa wa kawaida. Lakini ukiwa kwenye kompyuta ya steshenari, ukimaliza ondoka kwenye akaunti yako na ufute kumbukumbu, maana mteja anayefuata atakaa kiti hichohicho.

Halafu kuna picha zenyewe, ambazo hazikupigwa Tandika wala Kinondoni. Mama mmoja aliniuliza kwa hasira hilo "bomba la zimamoto" ni nini, yeye analijua gari la zimamoto tu. Ni kile kidude kifupi cha chuma kando ya barabara, kama kisiki chenye masikio, chekundu au cha njano, ambacho mtaani kwetu hujakiona. Basi la shule kwao ni la njano, refu, pua mbele, usitafute Coaster. Mataa yao mara nyingi yananing'inia kwenye waya katikati ya barabara. Kivuko cha watembea kwa miguu si lazima kiwe na michirizi ya pundamilia, wakati mwingine ni mistari miwili tu. Dohani ni lile bomba la moshi juu ya paa, tena siyo tenki la maji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: nguzo ya mataa inahesabika? Mimi huiacha, nachagua miraba yenye taa zenyewe, na huwa napita. Ncha ya tairi iliyoingia mraba wa pili kwa upana wa kucha, naiacha pia. Kinachowaangusha wengi ni ule mtindo wa picha tisa ambapo ukigusa moja inafifia na nyingine inakuja mahali pake. Mtu anagusa tatu za kwanza na kukimbilia kuthibitisha, kumbe mpya iliyokuja nayo ina pikipiki. Subiri picha zitulie, soma upya, ndipo uthibitishe. Na usiguse haraka haraka kama anayeua mchwa.

Ukiona ujumbe kwamba kompyuta au mtandao wako huenda unatuma maombi ya kujiendesha, usiendelee kujaribu. Kila jaribio linazidisha mashaka. Pumzika saa moja, au badilisha mtandao. Ujumbe huo ukikufuata kwenye mitandao miwili tofauti kwa mashine ileile, mashine ina mgeni ndani. Hapo ni kazi ya fundi, na usiingie benki wala akaunti ya kazi kwenye mashine hiyo mpaka isafishwe.

Tiki ya kijani imetokea, ukituma unaambiwa muda umeisha

Karibu mara zote ni mpangilio wa kujaza. Tiki ya Google inaishi dakika mbili. Watu wanaitiki kwanza kwa kuogopa kuisahau, kisha wanaanza kutafuta namba ya cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha. Jaza kila kitu, pandisha viambatisho, soma upya, ndipo utiki na kutuma.

Kuna sababu ya pili inayojificha: viambatisho vizito. Fomu nyingine hupandisha mafaili baada ya kubofya kutuma. Ukiwa na cheti cha megabaiti nane na mtandao wa saa moja jioni, faili linapofika tiki imeshakufa njiani. Skani kwa rangi ya kijivu, punguza ukubwa wa PDF, jaribu tena. Nimeona faili la megabaiti nane likishuka chini ya moja na likabaki linasomeka vizuri.

Vikishindikana vyote viwili, na watu wengine wanalalamikia kitu hichohicho saa hizohizo, tatizo liko kwa wenye mfumo. Piga picha ya skrini yenye ujumbe na saa, uwatumie dawati lao la msaada kabla dirisha halijafungwa. Ukiwaandikia baada ya kufungwa, hiyo picha ndiyo ushahidi pekee utakaokuwa nao.

Herufi zilizopindapinda

Hii ni kapcha ya kizamani, lakini mifumo kadhaa bado inayo. Angalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewaka. Kwenye simu, kibodi inajifanya mjuaji: inaweka herufi kubwa mwanzoni na nafasi mwishoni bila kukuuliza. Futa ile nafasi. Sifuri na O, moja na l, zikikutatiza usibahatishe, bofya alama ya kuzungusha uletewe nyingine. Ukiwa umeifungua fomu hiyohiyo kwenye kurasa mbili, herufi unazoziona ukurasa wa kwanza zinaweza kuwa zimeshabatilishwa na wa pili, funga mmoja.

Zile herufi hazikuwa za kutesa watu bure, kwa taarifa yako. Kuanzia 2007 mradi wa reCAPTCHA, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kununuliwa na Google 2009, ulitumia majibu ya watu kusoma maneno ya vitabu na magazeti ya zamani ambayo kompyuta zilishindwa kuyasoma, ikiwemo hazina ya gazeti la New York Times. Tulifanyishwa kibarua bila hata nauli ya daladala.

Namba ya uthibitisho haiji kwenye simu, au ikija inakataliwa

Soma ulivyoandika namba yako. Kama kisanduku kina +255 tayari, sifuri ya mwanzo inatoka, zinabaki tarakimu tisa. Hili peke yake linamaliza zaidi ya nusu ya kesi ninazoletewa.

Kisha tazama kama umeomba namba mara nyingi. Mtu anabonyeza "tuma tena" mara nne, meseji zinafika zote pamoja, anaandika ya juu kumbe inayofanya kazi ni ile iliyoombwa mwisho. Omba mara moja, weka simu mezani, subiri dakika tano. Hakikisha simu inapokea meseji nyingine, kisanduku cha meseji hakijajaa, na laini iliyosajiliwa kwenye mfumo bado iko mikononi mwako. Wengi wanajaza namba waliyoiacha zamani. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wanaotumia programu ya simu inayotoa namba zinazobadilika kila sekunde 30, tunarudi kwenye saa. Namba hizo zinapikwa kutokana na muda wa simu yako. Mzee mmoja wa mtaani, shikamoo yake nampa kila siku, namba zake zilikuwa zinakataliwa wiki nzima. Nikaishika simu: ilikuwa saa nne asubuhi, na simu inasema 4:00. Alikuwa ameipanga kwa mkono ili isome saa za Kiswahili. Nikairudisha kwenye saa ya mtandao, namba ikakubali papo hapo. Mzee hakufurahi hata kidogo, akasema sasa ataisomaje saa.

Usimtajie mtu yeyote namba hiyo, hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka kwenye mfumo wenyewe. Meseji za utapeli unaweza kuzituma kwenda 15040.

Kwa asiyeona vizuri

Gusa alama ya spika za masikioni, utaletewa sauti badala ya picha. Kero ni kwamba sauti hizo kwa kawaida ni za Kiingereza zenye kelele nyuma. Nikiwa na mteja wa namna hiyo huwa namchagulia picha mwenyewe, lakini nywila anaiandika yeye. Kapcha ya Cloudflare iliyotoka 2022 ni afadhali, kwa kawaida inakagua yenyewe na kukuachia kisanduku kimoja tu cha kugusa.

Kapcha inakuagiza ubonyeze vitufe vya kibodi

Simama hapo hapo. Hii si kapcha.

Inakuja imevaa nguo zote: kisanduku, nembo, maneno ya kuthibitisha kuwa si roboti. Kisha inakupa hatua: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ulipogusa kile kisanduku, ukurasa ulinakili amri kimyakimya. Hatua hizo tatu zinaibandika na kuitekeleza kwenye kompyuta yako kwa mkono wako mwenyewe. Mtindo huu ulishika kasi tangu 2024, na programu zinazoingizwa hivi hukomba nywila zote zilizotunzwa kwenye brauza. Kapcha halisi inamalizikia ndani ya ukurasa. Haikutoi nje kubonyeza vitufe vya Windows, haikupakulishi faili, haiombi namba ya siri ya pesa za simu.

Ndugu yake mdogo ni ile inayosema "bofya Ruhusu kuthibitisha wewe ni mtu". Ukibofya, simu inaanza kumiminiwa matangazo ya kamari na virusi vya uongo usiku na mchana. Hiyo unaimaliza mwenyewe: mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa, tafuta tovuti usiyoijua uifute.

Ila kama ulishabonyeza vile vitufe vitatu, usijaribu kusafisha mwenyewe. Chomoa kebo au zima waifai ya mashine hiyo sasa hivi. Kwa kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu ndiyo ufunguo wa zingine zote, kisha akaunti nyingine, na uchague kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Pigia benki yako. Mashine mpelekee fundi, umwambie neno kwa neno ulichobonyeza, na akikwambia ataipiga antivirusi tu akurudishie jioni, mwombe aweke Windows upya.